Kopo la Kilimani

Simu ilimwonyesha Zawena kwamba amefika: nguzo ya wapima ardhi ilipaswa kuwa pale pale, juu kabisa ya kilima. Lakini nguzo ilikuwa imeng'olewa na kulazwa ubavu, na mahali pake palikuwa na shimo. Ndani ya shimo mwanamume alikuwa akichimba kwa jembe.

"Pole na kazi, kaka."

"Nimeshapoa. Na wewe umeambiwa wakoloni walifukia dhahabu chini ya nguzo?"

"Hapana. Natafuta kopo tu."

Alilikuta kwenye kifusi, akalifungua. Ndani mlikuwa na kifungo, gololi na filimbi.

"Sisi tunaopenda kupanda vilima huficha makopo kwenye nguzo hizi," alisema. "Ukichukua kitu, unaacha chako."

Mwanamume alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mke wangu kasema nisirudi mikono mitupu."

Akachukua filimbi. Akapapasa mifuko, haikuwa na kitu. Ndipo akavua hirizi aliyopewa na mganga imwonyeshe dhahabu ilipo, akaitia koponi.

Zawena alilisukuma kopo chini ya nguzo iliyolala, akaanza kushuka. Katikati ya mteremko alisikia filimbi ikilia mara moja. Akasimama, akasikiliza kama mlio wa jembe utafuata.