Mrija Haukorogwi

"Sifuti hata moja," alisema Ofelia, macho kwenye skrini.

Don Aníbal, mwenye kampuni, hakuzoea jibu hilo. Programu yao ya majalada ya wafanyakazi ilikuwa nzito, na wateja walikuwa wanakimbia. Kila mtu alisoma jalada la pamoja, lakini aliyetaka kubadili kitu alipewa nakala yake kando. Wenzake hawakuona lolote mpaka abonyeze "Hifadhi". Nakala hizo ndizo don Aníbal alizotaka Ofelia azifute.

"Zinajaza kumbukumbu bure. Watu waandike palepale pa pamoja."

"Chai yetu ya yerba mate ofisi nzima tunainyonya kwa mrija mmoja, don Aníbal. Umeona nani anaukoroga?"

Wilmar, mwenzake aliyeshika kibuyu cha chai hiyo, alicheka, halafu akajuta. Montevideo nzima inajua kuwa ukiukoroga mrija umewaharibia wenzako chai.

"Mjuaji wewe. Wilmar, utaweza?"

"Naweza, bosi."

"Basi nakuhangaikia nini, bibie? Kabla ya saa sita utajua uamuzi wangu." Akaingia chumbani kwake, akajifungia.

Saa tano Wilmar alikuwa amemaliza, na programu ikakimbia kwelikweli. Ofelia hakumbembeleza mtu. Kazi aliihitaji, alikuwa na binti wa kusomesha, na miaka kumi na mmoja si mchezo. Iliuma. Lakini kuomba radhi kwa jambo la haki hakujua kunaanzia wapi. Akachukua boksi, akatia chupa yake ya maji ya moto na picha ya binti.

Alipoinua kichwa, wenzake wote walikuwa wamekodolea macho skrini zao. Kisha wakamgeukia yeye, mmoja baada ya mwingine. Kibuyu kilikuwa kimepoa mkononi mwa Wilmar.

"Vipi, hamjaona mtu akifukuzwa?"

Ofelia akainama kwenye skrini ya Wilmar. Lilikuwa jalada la kampuni yao wenyewe, na maneno yalikuwa yanajiandika, herufi kwa herufi, kutoka chumbani kwa bosi ambaye alikuwa bado hajabonyeza "Hifadhi".

Wilmar: aondoke Ijumaa. Nelson: aondoke Ijumaa. Graciela: aondoke Ijumaa. Majina kumi na mawili, mpaka la mwisho.

Ofelia: abaki. Ndiye pekee anayeijua kazi.

Alisoma mara mbili. Kisha akabeba boksi lake, akatoka wa kwanza.