Maji ya Kunawa

Sekela alimwaga maji tena. Macho yake yalikuwa njiani, maji yakakosa beseni yakaenda kwenye viatu vya mzee wa kanisa, na hapo wageni wenyewe walikuwa bado wanaingia.

"Mwalimu gani huyu, jagi tu linamshinda," Anyitike akamtania. "Chaki utaishika kweli?"

Anyitike alikuwa mtoto wa kiume wa baba yake mdogo, na shangwe ya mwaka ule wa hamsini na saba ilikuwa yao wote wawili. Yeye kamaliza darasa la kumi, Sekela kamaliza ualimu kule Iringa, na Mzee Saulo, baba yake Sekela, kaamua kuwafanyia sherehe moja. Ng'ombe kachinjwa. Viti vimeazimwa mpaka kanisani. Na pale kwao, binti anayesherehekewa ndiye anawanawisha wazee kabla ya kula.

"Amekubali kuja," Anyitike akamnong'oneza.

Uani kote watu walikuwa wanaangalia njia, wanamsubiri huyo huyo, jirani yao Mzee Abrahamu.

Yeye na Saulo waligombania mpaka wa shamba la kahawa. Wana wa Abrahamu wakamvunja mkono Sedekia, kaka yake Sekela, na mkono huo mpaka leo haunyooki. Saulo akatamka kanisani, watu wanasikia: mtu wa nyumba yake akikanyaga kwa Abrahamu, kwake asirudi tena. Sasa mchungaji kamsema mpaka kalegea, kamwalika. Abrahamu akinawa na kula pale, yameisha. Mtu akimkosea, basi tena. Sedekia alikuwa na fimbo chini ya kiti, na hakuwa na ugonjwa wa mguu.

Sekela akaenda nyuma ya nyumba kujaza jagi. Huko kwenye migomba alikuwa Tusekile, mke wa Sedekia, anapika peke yake. Uani hawezi kukaa, Mzee Saulo yupo, na mwanamke wa Kinyakyusa haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake tu, anajifunika kanga anapotea. Na mzee naye, wakikutana kwa bahati mbaya, anakohoa anageuza uso pembeni.

Likizo zote Sekela alikuwa anamcheka. "Wifi, umeolewa na Sedekia au na migomba?" Safari hii hakucheka.

"Hivi ukisimama mbele yake, ukamwangalia tu, inakuwaje?"

"Nimemtukana mbele za watu. Heri mnipige." Tusekile akachochea moto. "Nyie wasomi mnaona mchezo."

Jagi lilikuwa limejaa zamani, maji yanamwagikia miguu ya Sekela.

"Una nini wewe?"

"Sitaki kumnawisha Abrahamu."

"Hata mimi nisingetaka. Mkono wa mume wangu nauona kila siku."

Sekela akarudi uani, akamfuata baba yake.

"Tata, Mzee Abrahamu anawishwe na Anyitike."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu." Saulo akamwangalia. "Unadhani mimi sikuwa na kinyongo? Nimekitema. Utamnawisha wewe, watu wote wanaona. Ukimpa mwingine hilo jagi, ataona tumemdharau, ataondoka, na mimi sitakuwa na uso wa kwenda kanisani."

Anyitike akasogea. "Baba mkubwa, mimi naweza kabisa..."

"Wewe kaa."

Akakaa. Huyu alitoka Iringa lori moja na Sekela, na kwenye lori hilo alikuwemo pia Asukile, kijana wa mwisho wa Abrahamu, fundi cherehani huko huko Iringa. Saulo alishamhoji habari hiyo. Anyitike alijibu haraka kwamba tangu lori lilipopita Nyololo mpaka Mbeya mjini Sekela na Asukile hawakusemezana hata neno. Saulo alifurahi.

Watu wakageukia njiani. Mzee Abrahamu alikuwa anaingia, kavaa koti lake la kanisani, na nyuma yake Asukile. Sedekia akainama, mkono mzima ukaenda chini ya kiti.

"Ugonile, jirani," Saulo akasalimia.

"Ndaga, Saulo. Nasikia una mwalimu hapa."

"Ninaye. Atakunawisha mwenyewe."

Abrahamu akakaa. Sekela alikuwa kawapa mgongo, kamwinamia mchungaji, anamwagia maji mikono iliyokwisha takata.

"Imetosha, mwanangu," mchungaji akasema.

Akaendelea kumwaga.

"Sekela," Saulo akaita. "Mgeni."

Abrahamu akanyoosha mikono yake miwili, akangoja. Asukile alikuwa anatazama viatu vyake. Sekela akageuka kidogo, macho chini, akapiga hatua, akasimama. Mikono ya mzee bado iko hewani.

"Sekela!"

Jagi likaanguka. Sekela akavuta kanga, akajifunika kichwa mpaka kidevuni, akapita nyuma ya viti mbio, akaingia kwenye migomba.

Sedekia alikuwa kashasimama na fimbo yake. Lakini Mzee Abrahamu hakukasirika. Alikohoa, akageuza uso pembeni.

Kule nyuma Tusekile alimwona wifi yake kajifunika vile vile anavyojifunika yeye kwa mkwewe. Akaacha kuchochea moto, akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.