Dakika Kumi na Moja

Upande mmoja wa kidevu cha mteja ulikuwa umenyolewa, wa pili bado una povu. Kinyozi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimkandamiza kifua kwa mikono miwili.

"Usiache!" dada wa simu ya dharura alisema kwenye spika. "Katikati ya kifua, kwa nguvu, haraka haraka. Kila dakika ukiacha, uhai wake unapungua."

"Gari liko wapi, dada?"

"Dereva aliye karibu yenu hapokei simu. Naendelea kumpigia. Nimetuma gari jingine, ila linatoka mbali."

"Hapokei? Ana kazi gani nyingine huyo?"

Kinyozi alijifunza haya kwenye semina ya siku moja, ambayo kusema kweli aliiendea chai. Sasa jasho lilimtiririka na hofu ilimjaa. Mteja huyu alikuwa amekuja mara tatu tu, kila mara akihimiza amalizwe upesi, hata watu wa kibandani wakambatiza Chapuchapu, na utani wake ulikuwa umewavunja mbavu. Asife hapa, jamani.

Koti la mgonjwa lilikuwa limetundikwa ukutani. Simu iliyokuwa ndani yake iliita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Shemeji anamtafuta," alisema fundi viatu wa jirani, akishika zamu yake kifuani.

"Tutamwambia nini sasa? Wewe kandamiza!"

Dakika ya kumi na moja wahudumu waliingia mbio na mashine ya kushtua moyo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, Chapuchapu alikohoa. Kinyozi na fundi viatu walikumbatiana, wakalia bila aibu.

Siku ya nne kinyozi alikwenda hospitali na wembe wake kumalizia kazi. Alimkuta Chapuchapu ameketi kitandani, akawa anamnyoa huku akimsimulia kila kitu.

"Dakika kumi na moja!" Chapuchapu alifoka. "Na wa karibu hapokei simu? Mzembe mkubwa! Watu wanakufa hivyo hivyo. Nikitoka hapa, huyo atafukuzwa!"

"Tumeshamjua ni nani," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa mkuu wa kituo cha magari ya wagonjwa, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikuwa akijizuia kucheka.

"Na umemfukuza?"

"Simfukuzi. Daktari amesema nikurudishie usukani baada ya miezi mitatu."