Wanaopinga Nyumba za Bondeni

"Wanaopinga nyumba mpya za bondeni, nyosheni mikono," alisema afisa ardhi. Ukumbi mzima ukanyosha. Bi Nasemba, aliyepita kila mlango kuwaita, akashusha pumzi.

Kabla karani hajaanza kuhesabu, mtu akaita kutoka nje, "Maji yametoka."

Kijiji kilikuwa na bomba moja, lisilowatosha hata wenyeji, nalo lilikuwa kavu tangu wiki iliyopita. Watu wakatoka mbio.

"Jamani, tuhesabiwe kwanza," Bi Nasemba aliwasihi.

"Nihesabie na wangu, shoga," jirani yake alisema akipita. "Nyumbani hata ya kunywa hakuna."

Afisa akavitazama viti vitupu. "Andika mmoja," alimwambia karani.

Bi Nasemba akanyosha na mkono wa pili. Nje madumu yalikuwa yakigongana.