Namba ya Chini

Bi Salha aliingia kwenye klabu ya mashua za starehe wiki moja baada ya mumewe kuzama. Ubaoni, chaki ya Jumamosi iliyopita ilikuwa haijafutwa: upepo, kilomita kumi na tano kwa saa.

"Watu wa hali ya hewa walituangusha, shemeji," alisema Shekue, katibu anayenakili utabiri ubaoni kila Jumamosi. "Upepo ule hakuna aliyeujua."

"Nionyeshe karatasi ya utabiri uliyoinakili."

Shekue alichelewa kuitoa kwenye droo. Ilikuwa na namba mbili. Kumi na tano ilikuwa ya upepo wa kawaida. Chini yake, ya upepo wa ghafla, hamsini na tano.

"Hii ya chini mbona hukuiandika?"

"Huwa siiandiki. Nikiiandika wanachama hawaji, na jikoni chakula kinalala."

Bi Salha alichukua chaki, akaandika hamsini na tano chini ya kumi na tano, kwa mwandiko mkubwa. Kisha akamwekea Shekue chaki kiganjani, akatoka.

Nje, mtu mmoja alikuwa anapandisha tanga. "Katibu, leo vipi?" aliita.

Karatasi ya leo ilikuwa mezani. Shekue alianza kufuta ubao, kuanzia ile namba ya chini.