Waya wa Pili

Kwa jina la Mola aliyezipanga nyota zisigongane. Katika hospitali ya mji fulani walikuwako mafundi wawili wa mtandao: Shekuwe, aliyeutumikia miaka kumi na tisa, na Mwanakheri, aliyeletwa juzi akafanywa mkuu wake.

Wivu ukamkaa Shekuwe kama mwiba kooni. Asubuhi moja, Mwanakheri alipokwenda kunywa chai, Shekuwe alichukua waya akaziunganisha mara ya pili swichi mbili, vile visanduku vya kugawia mtandao, zilizokwisha kuunganishwa. Alijua ujumbe ungezunguka kati yazo bila kikomo hadi mtandao wote uelemewe, na lawama imwangukie mkuu mpya.

Akangoja. Hakuna kilichoanguka. Hakujua kwamba jana yake Mwanakheri alizifundisha swichi kuchagua moja kati yazo iwe kiongozi, kuacha njia moja tu ya kuifikia, na kuifunga yoyote ya ziada. Taa nyingine zote zilimeta kijani; ya waya wake ilisimama manjano, ishara ya njia iliyofungwa.

"Kaka Shekuwe," aliuliza Mwanakheri mlangoni, "huo umeuweka wewe?"

Shekuwe aliushika waya. "Mimi."

"Alhamdulillahi! Nami niliuwazia: wa kwanza ukikatika, huu ushike zamu. Wananisifu mimi bure, kumbe fundi mwenyewe yumo humu! Njoo basi, vimebaki vitumbua viwili, nami nina mkono mwepesi, ukichelewa hutavikuta."

Wema ule ulimchoma kuliko tusi. Mkono wake ungali juu ya waya, na hakujua auchomoe au auache.

Ewe Mola, wabariki waliobaki kungoja nyuma ya wenzao, uwape nyoyo zisizoungua.