Ziwa Moja

Nilimleta mama kwenye jumba la sanaa hapa London ili nimtambulishe mchumba wangu. Alikuwa amewasili juzi kutoka Mombasa. Tulisimama mbele ya mchoro wa kale: mfalme wa miungu ya Warumi anamwekea mkewe aliyelala mtoto kifuani, na maziwa yanaruka na kugeuka nyota.

"Mtoto si wake?" mama aliuliza.

"Si wake. Ni wa mwanamke mwingine."

Akacheka. "Kama mimi na mtoto wa Zuhura, pale Kibokoni. Mamake alilazwa miezi mitatu. Wewe titi hili, Twalib titi hili. Kisha wakahamia huku huku Ulaya."

Niliishika pete niliyoificha mfukoni. Twalib wangu alizaliwa Kibokoni, na mamake ni Zuhura. Walionyonya ziwa moja hawaoani. Hilo nililijua tangu madrasa. Labda kuna Twalib wawili. Nikaanza kuhesabu matone ya maziwa mchoroni, nikapotea, nikaanza tena.

Twalib akatokea mlangoni, kanzu imenyooka, akitabasamu kama tulivyopanga.

"Mashallah," mama alininong'oneza. "Ndiye huyu uliyetaka nimwone?"